Bati Linapotoka Jasho: Matundu ya Hewa Juu ya Dirisha la Nyumba na Banda la Ndama

Ndugu mfugaji, huenda ukashangaa afisa mifugo anatafuta nini kwenye dirisha la chumba chako cha kulala. Sababu ni hii: katika kaya nyingi za hapa Mkula na vijiji vya jirani, ndama wachanga, vitoto vya mbuzi na kuku hulala chini ya bati lile lile wanamolala watoto. Wengine wako chumba cha pembeni, lakini ukuta wa katikati haufiki juu, hivyo hewa ni moja. Anachovuta ndama ndicho anachovuta mtoto. Mvua zikianza, kikohozi huanza pande zote mbili za ukuta, na sisi huitwa na sindano kwa upande mmoja huku mama akielekea zahanati kwa upande mwingine.

Sitakuambia uwatoe wanyama nje leo usiku. Fisi wapo, wezi wapo, na ndama wa wiki moja hawezi kulala kwenye tope la zizi. Kipeperushi hiki kinahusu jambo dogo zaidi ambalo linawezekana ndani ya siku moja: kufungua matundu ya hewa juu ya madirisha, ili mvuke, moshi na harufu ya mkojo vipate pa kutokea wakati mlango na madirisha vimefungwa.

Jasho la bati linatoka wapi

Wafugaji wengi huniambia, "Bati langu linavuja, lakini mvua haikunyesha." Wakati mwingine misumari imelegea kweli. Lakini kama matone yanaanguka alfajiri, na yanaanguka karibu chumba kizima badala ya sehemu moja, hilo siyo tundu la msumari. Ni pumzi yenu.

Kila anayepumua hutoa maji. Mtu mzima aliyelala usiku kucha hutoa kama robo lita hadi theluthi ya lita kwa pumzi na ngozi. Familia ya watu watano imeshapita lita moja kabla jogoo hajawika. Ongeza ndama wawili, mbuzi kumi, mkojo unaokauka sakafuni, na sufuria ya uji wa jioni iliyochemka ndani. Maji yote hayo yako hewani, huyaoni, yametulia kwa sababu hewa ina joto. Usiku wa manane bati linapoa haraka kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba. Hewa yenye joto na unyevu hupanda juu, hugusa bati la baridi, na maji yaliyomo hugeuka matone, kama vile mfuniko wa sufuria unavyotoka jasho. Matone hushuka kwenye mbao za kenchi, kwenye kuta, kwenye blanketi, na kwenye mgongo wa ndama.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii kwa kiwango hiki. Ukifika Makumbusho ya Bujora pale Kisesa, barabara ya kwenda Mwanza, angalia nyumba ya asili ya Kisukuma: ya msonge, paa la nyasi. Nyasi hazipoi ghafla kama bati, na zinapumua. Moshi na mvuke vilipenya taratibu kwenye paa zima. Sisemi turudi kwenye nyasi. Bati linadumu, halishiki moto kama nyasi, na maji yake ya mvua tunakinga. Ila tulipobadilisha paa hatukubadilisha dirisha. Tulichukua nyumba iliyokuwa inapumua kwa juu, tukaifunika, kisha tukaziba na ule mwanya kati ya ukuta na bati kwa udongo, magunia na nailoni ili kuzuia mbu na nyoka. Dirisha lenyewe mara nyingi ni la mbao, dogo, na likifungwa saa mbili usiku halipitishi kitu mpaka asubuhi.

Hewa mbaya humfanya nini ndama

Mkojo wa wanyama ukikaa sakafuni hutoa gesi iitwayo amonia. Ni ile harufu inayochoma pua unapofungua mlango wa banda asubuhi. Ndani ya koo na njia za hewa za ndama kuna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma vumbi na vijidudu kutoka nje, kazi yake ni kama ya ufagio. Amonia huvidhoofisha vinyweleo hivyo. Vijidudu vya nimonia, ambavyo vingi tayari vinaishi puani mwa mnyama mzima bila kumdhuru, hupata njia ya kushuka mapafuni. Unyevu nao unasaidia ugonjwa: vitone vya kikohozi cha mnyama mmoja vinaendelea kuelea kwenye hewa iliyosimama na mwingine anavivuta. Sakafu isiyokauka hulea pia vijidudu vya kuhara damu kwa vitoto na vifaranga.

Anayeumia zaidi ni mdogo, maana pua yake iko karibu na sakafu, na amonia inatokea sakafuni. Wewe uliyesimama mlangoni unasema harufu siyo kali sana. Yeye amelala ndani yake saa kumi na mbili.

Kwa upande wa watu habari ni nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majiko majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5. Kifua kikuu nacho huenea kwa hewa, na chumba kisichopitisha hewa ndicho mahali kinapoenea kwa urahisi, mgonjwa mmoja akikohoa usiku na wengine wamelala hapo hapo.

Nimekuta nyumba ambapo ndama mmoja amechomwa oksitetrasaiklini mara nne ndani ya miezi miwili. Kila mara alipata nafuu siku tatu, akarudishwa kwenye chumba kile kile, akaanza tena. Dawa hizo si bure, na zikitumika hovyo vijidudu vinazizoea, halafu siku ya ugonjwa mkubwa hazifanyi kazi. Wavu na tindo vingekuwa rahisi zaidi.

Pima nyumba yako kabla ya kumwita fundi

Kipimo cha kwanza kifanye alfajiri, kabla mlango haujafunguliwa. Chuchumaa mpaka kichwa chako kiwe kwenye kimo cha ndama aliyelala. Vuta pumzi mara kumi. Kama pua inachoma au macho yanatoa machozi, hewa hiyo haifai kwa mnyama wala kwa mtu.

Kisha pitisha kiganja chini ya bati na kwenye mbao za kenchi. Bati lenye maji, mistari ya kutu kwa upande wa ndani, mbao zenye madoa meusi ya kuvu, na ukuta wenye ukungu kwenye pembe za juu, vyote vinasema jambo moja. Angalia pia michembe, mahindi na magunia ya pamba uliyoweka humo. Pamba ikilowa inashuka kuwa fifi siku ya kupima. Mahindi yenye kuvu yanaweza kuwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Usiyape mifugo mahindi yaliyoota kuvu ukidhani tumbo lao ni gumu. Sumu hiyo inaharibu ini la mnyama pia, na hupita kwenye maziwa.

Kipimo cha tatu ni cha moshi, nacho kifanye mchana, wanyama wakiwa nje na pamba na nyasi zikiwa mbali. Weka kaa moja na kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye kigae, kifuke katikati ya chumba, ondoa kigae, funga mlango na dirisha. Chungulia baada ya dakika kumi. Moshi ukiwa umening'inia pale pale, umeshajua pumzi yenu inafanya nini usiku.

Namna ya kuweka matundu

Kanuni ni mbili tu. Hewa ya joto hupanda, kwa hiyo tundu la kutokea liwe juu, karibu na bati kadiri ukuta unavyoruhusu. Na hewa haitoki kama hakuna nyingine inayoingia, kwa hiyo tundu moja peke yake halitoshi. Weka matundu kwenye kuta mbili zinazotazamana. Mtu anayetoboa ukuta mmoja tu halafu akalalamika kwamba hakuna mabadiliko, analalamika kwa haki.

Kwa chumba cha mita 3 kwa 3 wanamolala watu watatu au wanne, anza na matundu mawili ya sentimita 20 kwa 40, moja kila ukuta. Kama na vitoto vya mbuzi vimo humo, yawe manne. Usiogope ukubwa huo, kwa sababu wavu wa mbu hukata hewa nyingi inayopita, unaweza kufika karibu nusu. Tundu la ukubwa wa ngumi lenye wavu ni pambo.

Njia rahisi kuliko zote haigusi ukuta. Kama dirisha lako ni la ubao ndani ya fremu, shusha ubao kwenye kiwiko, kata sentimita 15 hadi 20 upande wa juu kwa msumeno, urudishe. Sasa ukifunga dirisha unabaki mwanya juu yake. Pigilia wavu wa mbu kwa ndani ya fremu kuziba mwanya wote, na kwa nje weka vipande viwili vya nondo ili mkono wa mtu usipite kufikia komeo. Kazi hii inamalizika kabla ya chakula cha mchana. Fanya hivyo kwenye madirisha yote ya chumba, siyo moja.

Kama dirisha ni dogo mno au liko chini, toboa ukuta juu ya dirisha. Hapa umakini unahitajika. Nyumba yenye linta ya zege, toboa juu ya linta na ndani ya upana wake, usivuke. Nyumba ya tofali za tope isiyo na linta, ondoa tofali moja moja kwa tindo, taratibu, kisha weka kipande cha ubao mgumu juu ya tundu kubeba tofali zilizobaki, ubao uingie ukutani angalau sentimita 15 kila upande. Kaa mbali na pembe ya nyumba, walau nusu mita, na usitoboe mahali kenchi inapokalia. Ukuta ulio na ufa tayari usiuguse mpaka fundi auone. Lainisha kingo kwa saruji au kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, na sakafu ya tundu iteremke kidogo kuelekea nje ili maji ya mvua yasiingie. Upande unaopigwa na mvua, kunja kipande cha bati chakavu ukipigilie juu ya tundu kama kofia.

Kuhusu wavu: mita moja ya wavu wenye upana wa futi 4 hutoa vipande vinane vya sentimita 30 kwa 50, yaani vinavyotosha matundu manane ya 20 kwa 40 na kubakiza sentimita 5 za kupigilia kila upande. Nunueni majirani wawili kwa pamoja. Nailoni ni nafuu lakini jua na panya huimaliza. Wa chuma au wa nyuzi zilizopakwa plastiki hukaa zaidi.

Anayejenga nyumba mpya ana bahati. Mwambie fundi aache mwanya wa sentimita 10 chini ya bati kuzunguka nyumba yote, auzibe kwa wavu badala ya udongo, na madirisha yatazamane. Kipimo wanachotumia mafundi wengi ni dirisha lenye eneo lisilopungua moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 9 za mraba kinataka karibu mita 1 ya mraba ya dirisha. Madirisha mengi ninayoyaona hayafiki nusu ya hapo.

Mbu, baridi na mwizi

Haya matatu ndiyo huulizwa kwenye kila mkutano wa kijiji, na yanaulizwa kwa haki.

Mbu wa malaria hupenda kuingia kwa mwanya wa juu kati ya ukuta na paa. Hiyo ni kweli, na ndiyo maana tundu lisilo na wavu ni hatari. Lakini kuziba kila kitu hakukuokoi. Mbu hufuata harufu ya pumzi ya watu. Hewa ikijaa ndani na kuvuja kidogo kidogo kwenye mlango usiofunga vizuri, mbu anaifuata mpaka anaingia kwa huo mlango. Watafiti waliojenga nyumba za majaribio nchini Gambia waliona kwamba nyumba za bati zilizowekwa madirisha ya wavu pande mbili zilikuwa na ubaridi mzuri zaidi usiku, na mbu walioingia walikuwa wachache kuliko kwenye nyumba zilizofungwa. Ubaridi huo una faida nyingine: watu hawaondoi chandarua usiku wa manane kwa sababu ya joto. Chandarua kinabaki pale pale, tundu halichukui nafasi yake.

Baridi nayo tuielewe. Wengi wanaamini hewa ya usiku ndiyo inaleta kichomi. Tutofautishe hewa na upepo. Upepo unaopiga moja kwa moja kwenye mwili wa mtoto au kitoto cha mbuzi kilicholowa ni mbaya kweli, na ndiyo sababu matundu yanakaa juu, hewa ipite juu ya vichwa. Mnyama mkavu kwenye nyasi kavu anavumilia usiku wa Simiyu bila shida. Mnyama aliyelowa jasho la bati anatetemeka hata kwenye chumba chenye joto.

Hapa naomba usome mara mbili. Usiku wa mvua baadhi ya kaya huingiza jiko la mkaa chumbani kuwapasha watoto joto, au kuwakausha vitoto vya mbuzi vilivyozaliwa jioni, halafu hufunga mlango. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi, harufu wala moshi. Inaua watu usingizini, na mbuzi pamoja nao. Matundu ya hewa hayafanyi jiko la mkaa liwe salama chumbani. Kitoto kilicholowa kifute kwa gunia kavu, kikalishwe kwenye nyasi kavu karibu na mama yake, kinywe maziwa ya kwanza ndani ya saa moja. Joto lake litatoka tumboni.

Kuhusu mwizi, nondo mbili kwenye tundu la sentimita 20 zinatosha.

Banda la ndama na mbuzi

Ukiweza, wape wanyama chumba chao kilichoegemea ukuta wa nyumba, mlango wao uangalie uwani ili usikie kelele usiku, na ukuta wa katikati ujengwe mpaka kugusa bati. Kuta za nje za chumba hicho zisiwe ngumu mpaka juu. Jenga tofali hadi kimo cha mita moja kuzuia upepo wa chini, juu yake weka miti imara iliyosimama, nafasi kati ya mti na mti isizidi sentimita 5. Fisi hapiti hapo na hewa inapita. Huku kwetu, karibu na hifadhi ya Serengeti, miti iwe minene na ichimbiwe vizuri, siyo fito za kuegesha.

Hesabu nafasi: ndama mmoja anataka karibu mita 1.5 hadi 2 za mraba, mbuzi mzima mita 1 au zaidi kidogo. Ukijaza mbuzi 20 kwenye chumba cha mita 9 za mraba, hata utoboe ukuta mzima hewa haitatosha. Sakafu iteremke ili mkojo utoke, na nyasi za chini zibadilishwe kabla hazijalowa, maana kila unachokitoa asubuhi kwa koleo hakitageuka amonia usiku. Mbuzi wakijengewa kichanja chenye sakafu ya mabanzi yenye mianya, kinyesi huanguka chini na wao hubaki wakavu.

Mbuzi na ng'ombe wasizalie katika chumba wanamolala watu. Maji ya uzazi na kondo la nyuma hubeba magonjwa yanayompata binadamu, ikiwemo brusela.

Kikohozi ambacho tundu halitakitibu

Ndama anayekohoa akiwa na homa kali na matezi yaliyovimba chini ya sikio au mbele ya bega, shuku ndigana kali. Hiyo inaletwa na kupe, na kila saa ina thamani: ita mtaalamu siku hiyo hiyo, na ng'ombe wapelekwe josho kwa ratiba. Mbuzi wakianza kukohoa wengi kwa mara moja, wakihema kwa shida na kufa ndani ya siku chache, inaweza kuwa homa ya mapafu ya mbuzi au sotoka. Usiuze, usichinje kimya kimya, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata. Ndama anayekohoa machungani wakati wa mvua, huku anakonda taratibu, huenda ana minyoo ya mapafu.

Na mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya akapimwe kifua kikuu. Matibabu yake katika vituo vya serikali ni bure. Maziwa yachemshwe kila siku, kwa sababu kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa hata nyumba ikiwa na hewa safi kiasi gani.

Baada ya kuweka

Rudia kipimo cha alfajiri baada ya siku saba. Bati likiwa bado linadondosha, ongeza tundu upande ulio dhaifu kabla hujaongeza upande unaopitisha tayari. Kila mwezi piga wavu kwa ufagio mkavu. Vumbi na masizi ya jiko huuziba mpaka ukawa kama gunia. Manyigu hupenda kujenga chini ya ile kofia ya bati, waangalie kabla hujaweka mkono. Na mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua za vuli kushika, pitia kila tundu na kagua: mara nyingi utakuta kuna mtu amelisokota gunia ndani wakati wa baridi ya Julai, na akasahau kulitoa.